Mchezaji wako wa tenisi amekwama kweli, au umemsoma vibaya? Dalili na vyanzo vyake kwenye gemu za umeneja

Swali ninaloulizwa sana na wenzangu tunaocheza gemu za umeneja wa tenisi ni moja: "Huyu dogo amekwama, nimvunjie mkataba?" Nami huomba kitu kimoja kabla ya kujibu: nionyeshe kumbukumbu zako. Wengi hawana. Wanakumbuka kwamba mwezi uliopita alikuwa nafasi ya 180 na leo yuko 214, basi. Kwa ushahidi huo mdogo wanamfukuza kocha, wanabadilisha ratiba nzima ya mazoezi, na wanamharibu kijana ambaye hakuwa na tatizo lolote.

Gemu hizi huweka vitu vitatu kwenye ukurasa mmoja, nasi tunavisoma kama kitu kimoja. Kuna uwezo, yaani anachoweza kufanya na raketi. Kuna fomu, yaani anavyocheza majuma haya. Na kuna nafasi kwenye orodha ya ubora, ambayo ni hesabu ya pointi za mwaka mzima uliopita. Uwezo hutangulia, fomu hupanda na kushuka, nafasi huja mwisho kabisa. Karibu kila dalili nitakayoitaja hapa huanzia kwa mtu aliyetazama kimoja akadhani anatazama kingine.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta ugonjwa, fungua jedwali. Langu lina safu saba: wiki, ngazi ya mashindano, aina ya uwanja, raundi aliyofika, pointi zilizoingia, pointi zilizokufa (za mwaka jana zinazoondolewa wiki hiyo), na uchovu wake Jumatatu asubuhi. Mstari mmoja unasomeka hivi: "Wiki 17, ATP 250, udongo, robo fainali, +50, −100, uchovu 38." ATP 250 ni mashindano ya wanaume ambayo bingwa hupata pointi 250. Kwa mstari huo najua kwamba mwaka jana wiki hiyohiyo alifika nusu fainali, mwaka huu ametoka raundi moja mapema, na amerudi amechoka. Kuuandika hakumalizi dakika moja.

Dalili: anashinda mechi, lakini nafasi inashuka

Hii ndiyo inayowachanganya wengi, na chanzo chake si gemu kuharibika. Ni tenisi yenyewe. Orodha ya ubora ya wanaume ilianza Agosti 1973, ya wanawake Novemba 1975, na leo zote mbili hubeba matokeo ya wiki 52 tu. Pointi ulizopata wiki hii mwaka jana zinakufa wiki hii mwaka huu. Kama mwaka jana ulitwaa kombe la 250, Jumatatu hii unapoteza 250 zote, na ukifika fainali mwaka huu unarudishiwa 165. Umeshinda mechi tatu au nne, watu wamekupigia makofi, na umebaki na upungufu wa pointi 85.

Mifano ya kweli inafundisha kuliko maelezo yangu. Emma Raducanu alianzia mechi za kufuzu za US Open ya 2021 akiwa nafasi ya 150, akaenda hadi akabeba kombe. Pointi 2000 za ubingwa, na 40 za kufuzu. Mwaka uliofuata alitolewa raundi ya kwanza, zile 2040 zikafa kwa mkupuo, akaporomoka kutoka nafasi ya 11 hadi ya 83 ndani ya orodha moja. Hakusahau kucheza tenisi kwa wiki mbili. Hesabu ya mwaka ilifunga.

Wa pili ni mkali zaidi. Wimbledon ya 2022 haikutoa pointi hata moja, baada ya waandaaji kuwazuia wachezaji wa Urusi na Belarus. Novak Djokovic alishinda kombe lile, na Jumatatu akashuka kutoka nafasi ya 3 hadi ya 7, kwa sababu pointi 2000 za ubingwa wa 2021 zilikufa na hakuna zilizoingia. Elena Rybakina, bingwa wa wanawake, alibaki palepale nafasi ya 23. Mtu asiyejua akitazama nafasi pekee atadhani Djokovic alikuwa na wiki mbovu.

Namna ya kuthibitisha: angalia safu ya pointi zilizokufa. Kama kushuka kote kunaelezwa na safu hiyo, funga jedwali, endelea na kazi, usiguse mazoezi. Kama hakuelezwi, soma dalili zinazofuata.

Namna ya kujikinga ni kuangalia mbele. Mimi kila mwanzo wa mwezi najumlisha pointi ambazo mchezaji atatakiwa kuzitetea wiki nane zijazo. Jumla ikizidi theluthi ya pointi zake zote, najua mapema kwamba nafasi itayumba, na napanga mashindano mawili ya ngazi ya chini kidogo kabla ya kipindi hicho ili asiingie kwenye mchujo wa Grand Slam, yaani yale mashindano makubwa manne ya mwaka, akiwa amepungukiwa. Orodha ya kuingia Grand Slam hufungwa wiki 6 kabla, kwa hiyo nafasi inayokuhusu ni ya wakati huo, si ya siku ya mashindano. Ukiona gemu imempeleka mchezaji wako wa nafasi ya 95 kwenye mechi za kufuzu, rudi nyuma wiki 6 uone alikuwa wa ngapi. Katika droo ya wachezaji 128, wanaoingia moja kwa moja kwa nafasi zao ni 104. Waliobaki ni 16 wa kufuzu na 8 wa kadi za mwaliko.

Dalili: anacheza kila wiki, pointi hazisogei

Hapa tatizo ni ukomo wa matokeo yanayohesabiwa. Pointi hazirundikwi tu bila mwisho. Mwaka 2024 ATP, chama cha tenisi ya wanaume, walihesabu matokeo bora 19 ya mwaka, WTA, chama cha wanawake, 18, na fainali za mwisho wa msimu zikiongezwa juu kwa waliofuzu. Gemu zilizotengenezwa kwa kufuata tenisi halisi zina ukomo kama huo, hata kama haujaandikwa popote penye kuonekana.

Nilimtumia miezi mingi mchezaji mmoja bila kulitambua hili. Matokeo yake 19 yalikuwa yamejaa, na lililo dogo kuliko yote lilikuwa robo fainali ya Challenger 75 (mashindano ya ngazi ya chini ya ATP, bingwa hupata pointi 75), pointi 12. Nikampeleka Challenger 50, akafika robo fainali, akapata 8. Zile 8 hazikuingia popote. Hata angefika nusu fainali na kupata 14, faida halisi ingekuwa 2, kwa sababu 14 ingeiondoa ile 12. Nauli nimelipa, hoteli nimelipa, uchovu umepanda, na mizani haijasogea.

Dawa ni kuongeza kiboksi kimoja juu ya jedwali: tokeo dogo linalohesabiwa sasa. Kabla ya kumsajili popote, jiulize anahitaji kufika raundi gani ili azidi namba hiyo. Kama jibu ni fainali, na huna uhakika na fainali, mpumzishe au mpandishe ngazi.

Kumpandisha nako kuna kipimo chake. Wapo wanaokimbilia mashindano makubwa kila wiki kwa sababu pointi za raundi ya kwanza zinavutia, kisha kijana anapoteza mechi sita mfululizo na kujiamini kunakwisha. Mimi hupenda mchezaji anayekua ashinde mechi sita katika kila kumi. Akishinda nane yuko mahali rahisi mno, akishinda tatu umemtupa kwenye kina kirefu.

Jambo dogo la kuangalia: pointi za mashindano ya chini kabisa ya wanaume, yale ya M15 na M25, kwa desturi huingia kwenye orodha wiki moja baada ya zile za ngazi za juu. Gemu zinazoiga hilo humfanya mtu adhani kombe lake limepotea. Subiri Jumatatu ya pili.

Dalili: uwezo wake umeganda

Hii ndiyo dalili nzito, na ndiyo inayotaka subira, kwa kuwa ina vyanzo vingi na vyote vinafanana kwa nje. Navipitia kwa mpangilio ninaoutumia mwenyewe, kuanzia kile cha bei rahisi kukagua.

Kwanza, huenda hajaganda. Gemu nyingi huonyesha namba nzima, ilhali ndani zinahesabu kwa desimali. Sevu iliyoandikwa 62 inaweza kuwa imepanda kutoka 62 na kidogo hadi karibu na 63, na wewe huoni. Ukiangalia kila wiki utachanganyikiwa bure. Andika namba za uwezo mara moja kila wiki nane, na linganisha hizo tu. Ukijumlisha namba zake zote na ukakuta jumla imepanda kwa tatu, yuko hai, hata kama sevu na forehandi hazijabadilika machoni.

Pili, huenda kilichobadilika ni jicho linalomtazama. Nyota za uwezo na za kipaji mara nyingi ni maoni ya benchi lako la ufundi, na zinalinganisha mchezaji na wengine. Msimu mmoja nilibadilisha kocha mkuu mwezi Machi. Jumatatu iliyofuata binti niliyekuwa nikimlea alikuwa ameshuka kutoka nyota tatu na nusu hadi tatu. Nilikaribia kumpunguzia mazoezi nikidhani ameumia. Nikafungua jedwali: sevu, forehandi, bakhendi, mwendo wa miguu, hakuna iliyosogea hata moja. Kocha mpya alikuwa na jicho kali zaidi kwa vijana, basi. Ndiyo sababu siandiki nyota kwenye jedwali. Naandika namba, na pembeni naandika nani alikuwa kocha wakati huo.

Tatu, uchovu. Hapa ndipo ninapoikuta karibu kila kesi ya kweli ya kuganda. Mchezaji anayefika nusu fainali kila wiki hapati siku za mazoezi, anasafiri, anacheza, anasafiri. Fomu yake inang'aa na uwezo wake umesimama. Ukiweka safu ya uchovu kando ya safu ya matokeo utaona wazi: wiki tano au sita uchovu hauteremki chini ya kiwango fulani, na katika wiki hizohizo uwezo haujapanda. Mpe wiki mbili bila mashindano, moja ya mapumziko na moja ya mazoezi mazito, kisha pima baada ya wiki nane. Usipime baada ya mbili.

Nne, mazoezi yametawanywa. Kijana anafundishwa sevu, voli, nguvu, akili ya mchezo na bakhendi kwa pamoja, kila kimoja kinapata tone. Chagua mambo mawili kwa miezi mitatu. Mchezaji wa udongo mwenye miguu mizuri hahitaji voli mwaka huu.

Tano, kocha amefika mwisho wa anachojua. Ukiona wachezaji wako wote, si mmoja, wanasimama eneo moja, mathalani hakuna anayevuka 70 kwenye sevu, tatizo liko kwenye benchi. Ukiona ni mmoja tu, tatizo liko kwake. Ulinganisho huu ni rahisi na watu wachache huufanya.

Umri nauweka mwisho kwa makusudi. Ni kweli miguu hushuka kabla ya mikono, na mchezaji wa miaka 31 anaweza kuwa anapata akili ya mchezo huku akipoteza mwendo, jumla ikibaki ileile. Lakini watu huusingizia umri mapema mno. Stan Wawrinka alitwaa taji la vijana Roland Garros, Grand Slam ya Ufaransa, mwaka 2003, na taji lake la kwanza la Grand Slam ya wakubwa lilikuja 2014 Australia, akiwa na miaka 28. Akaongeza mengine mawili, 2015 na 2016. Meneja mwenye haraka angekuwa amemuacha akiwa na miaka 25.

Dalili: alikuwa bingwa wa vijana, ukubwani hajulikani aliko

Pointi za vijana hazihamii kwenye orodha ya wakubwa. Huyo aliyekuwa wa pili duniani kwa vijana akifikisha miaka 18 anaanza kama mtu asiye na jina, kwenye viwanja vya M15, au W15 kwa wanawake, ambako bingwa hupata pointi 15. Ukichora grafu moja inayounganisha nafasi ya vijana na ya wakubwa utapata mstari unaotoka 2 hadi 900 kwa wiki moja, na utaogopa. Tenganisha grafu. Hizo ni orodha mbili za mashindano mawili tofauti.

Kinachofaa kulinganishwa ni umri. Andika uwezo wake alipofikisha miaka 17, 18, 19, kisha uweke pembeni wachezaji wengine wa akademia yako walipokuwa na umri huohuo. Nafasi itakudanganya, umri hautakudanganya.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, mfano uko karibu. Julai 2022 Angella Okutoyi wa Kenya, akishirikiana na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, alitwaa taji la wasichana wawili kwa wawili Wimbledon. Baada ya hapo alikwenda kusoma na kucheza tenisi ya chuo kikuu huko Auburn, Marekani. Aliyekuwa akimfuata kwa orodha ya ubora pekee angesema amepotea, kumbe yuko uwanjani kila wiki, katika mashindano ambayo hayatoi pointi za WTA. Machi 2024 akarudi na dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja kwenye Michezo ya Afrika, Accra. Ons Jabeur wa Tunisia naye alishinda Roland Garros ya wasichana mwaka 2011, na fainali yake ya kwanza ya Grand Slam ya wakubwa ilikuwa Wimbledon 2022. Miaka kumi na moja katikati. Ukiwa na kijana kama huyo kwenye gemu, kinachotakiwa ni safu ya jedwali isiyokatika.

Dalili: kila mwaka grafu ya fomu inapanda Aprili na kuzama Agosti

Ni uwanja. Msimu wa tenisi huanza kwenye viwanja vigumu, huingia udongo mwezi Aprili, hugusa nyasi kwa majuma machache Juni na Julai, kisha hurudi viwanja vigumu hadi mwisho. Kati ya Roland Garros na Wimbledon kuna wiki tatu tu. Fomu ya mchezaji wa udongo itapanda na kushuka kila mwaka hata kama uwezo wake haujabadilika kabisa. Usilinganishe Juni na Agosti. Linganisha udongo wa mwaka huu na udongo wa mwaka jana, ndipo utajua kama amekua. Jedwali langu linachuja kwa safu ya uwanja, na hilo pekee limenizuia kufanya maamuzi mabaya mara nyingi.

Dalili: jumla yangu hailingani na ya gemu

Hapa ugonjwa uko kwenye jedwali. Kagua haya:

Matokeo ya seti yamegeuka tarehe. Ukiandika 6-4 kwenye Excel bila kujiandaa, programu inadhani ni siku na mwezi na kukubadilishia. Ipe safu hiyo umbo la maandishi kwanza, kabla hujaandika chochote. Ukibadilisha baadaye, 6-4 zako za zamani zitageuka namba ndefu zisizoeleweka.

Umepanga safu moja ukaacha nyingine. Pointi zimepangwa kwa ukubwa, majina ya mashindano yamebaki yalipokuwa. Chagua jedwali zima kila unapopanga.

Umechanganya mmoja mmoja na wawili wawili. Ni orodha mbili, pointi haziungani.

Wiki zimeteleza. Miaka mingi ina wiki 52, ila michache ina 53. Mwaka 2020 ulikuwa hivyo, na 2026 ni hivyo pia. Kama jedwali lako linaua pointi kwa namba ya wiki, utazidi au kupungukiwa kwa wiki moja. Tumia tarehe ya Jumatatu badala ya namba.

Dalili: ametoka majeruhi, ni wa 240, lakini anaingia mashindano makubwa

Ni nafasi ya kulindwa. Kwa wanaume, mchezaji aliyekaa nje kwa majeruhi miezi sita au zaidi hupewa wastani wa nafasi zake za miezi mitatu ya mwanzo wa kuumia, na huutumia kuingilia mashindano machache atakaporudi. Haumpi upendeleo wa kupangwa mbali na vigogo kwenye droo. Kwa hiyo ataingia, kisha anaweza kukutana na namba moja raundi ya kwanza, na akatoka. Ukiona mfululizo wa vipigo baada ya kurudi, hesabu kwanza ni wapinzani wa nafasi gani kabla ya kusema goti halijapona. Na uzigawe hizo ruhusa vizuri: ziweke kwa mashindano ya uwanja anaoupenda, zisiishe zote katika mwezi wa kwanza.

Dalili: historia yake imefutika

Gemu nyingi hutunza makombe na nafasi ya mwisho wa mwaka, na kutupa yaliyobaki ili faili lisiwe zito. Mimi hupiga picha ya ukurasa wa matokeo wa kila mchezaji siku ya mwisho ya msimu, kabla ya kubonyeza kitufe cha mwaka mpya, na picha naiweka kwenye folda yenye jina lake na mwaka. Ukishabonyeza, matokeo ya raundi za awali hayarudi.